Bawaba na Kitasa cha Stoo

Enzi za ujana wake hakuna mlango uliomwambia hapana, ndiyo maana wenzake wakamwita Bawaba. Mlango wa mwisho ndio uliomfikisha jela. Alikaa huko miaka mingi, na alipotoka dada yake akampa chumba cha uani. Ila jela ilikuwa imemwachia kichekesho: akifika mbele ya mlango uliofungwa, hata wa choo, alisimama mikono nyuma akingoja askari amfungulie. Dada alizoea kumfungulia, akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

Shemeji yake, fundi viatu mwenye domo, hakucheka. Aliwaambia wateja kuwa jela ni chuo, mtu huingia kibaka akatoka jambazi. Redio yake aliibeba hadi bafuni. Bawaba aliyasikia yote akayameza. Alitaka jambo moja tu, aaminiwe katika nyumba hii, kwa kuwa nyumba nyingine hakuwa nayo.

Siku moja, dada kaenda sokoni, shemeji akaingia stoo kutafuta pa kuificha redio, akajifungia asionekane. Mchimba kisima huingia mwenyewe: kitasa kikagoma. Alisukuma, akapiga mateke, mwisho akameza kiburi na kumwita Bawaba, naye akaja akasimama mikono nyuma.

"Fungua, shemeji, joto litaniua."

"Sigusi kitasa cha watu mpaka dada aje aone kwa macho yake."

Shemeji alibembeleza, akaapa, akatukana kidogo. Bawaba akavuta kigoda, akamwomba aongeze sauti ya redio. Wakasikiliza mpira, mmoja ndani mmoja nje, mpaka dada akarudi na kapu lake. Ndipo Bawaba akamwomba pini ya nywele, na kufumba na kufumbua mlango ukaachia.

Shemeji alitoka kalowa chapachapa. Akaitazama ile pini.

"Kwa hiyo siku zote hizi ungeweza kuingia popote humu?"

"Siku zote, shemeji."

Aibu ilimshika kwelikweli. Akaiweka redio mezani sebuleni, akachomoa ufunguo mmoja wa mlango wa mbele, akamtia Bawaba kiganjani.

Jioni Bawaba alitoka makusudi ili apate kurudi. Mlangoni, mikono ikaanza kwenda nyuma kwa mazoea, akairudisha. Ndani, dada na shemeji walimsikia, hawakuinuka kumfungulia. Ufunguo uligongagonga kitasani kwa muda, maana mkono uliofungua milango ya watu bila wasiwasi ulikuwa haujazoea ufunguo. Hatimaye akaingia, na shemeji, bila kugeuza shingo, akamwambia arudishie mlango, mbu wanaingia.