Nyumba Isiyo na Zamu

Nakumbuka asubuhi niliyotoka kijijini kwetu Nyanungu nikiwa kijana wa miaka ishirini hivi, na litungu langu mgongoni, lile zeze letu la nyuzi nane. Sikumuaga baba. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Kengele ikilia alfajiri, wote tulielekea shamba la pamoja, na balozi wa nyumba kumi alipita akiangalia nani yupo na nani hayupo. Usipoonekana, alikufuata hadi kitandani kukuuliza una nini. Mimi niliona ni kero tupu. Nilitaka mahali ambapo mtu angeniacha nipige muziki wangu.

Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu mama yako ameniambia umepata nyumba ya bei ndogo huko Musoma, utakaa na wenzako wachoraji na wapiga gitaa. Sikukatazi. Keti kwanza unisikilize.

Nyumba yangu mimi ilikuwa Mugumu, pembeni kabisa mwa mji. Lilikuwa duka la zamani ambalo mwenyewe alikuwa amehama, akamwachia Mzee Shabani alitunze. Mzee Shabani alikuwa fundi viatu, kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya kwenda sokoni. Mabati yalikuwa yametoboka na mvua iliingia, ndiyo maana kodi ilikuwa ndogo hata sisi tuliweza kuilipa. Tulikuwa watatu. Wambura alichonga vigoda. Nyangi, binti kutoka kijiji cha Busawe, alichora vibuyu kwa ncha ya waya wa moto: twiga, nyumbu, wanawake wanaotwanga. Watu walitoka mbali kuvinunua. Nami nilikuwa na litungu langu.

Tuliishi kwa raha, sitakudanganya. Tulijisifu kwamba kwetu hakuna mkubwa wala zamu. Aliyejisikia kupika alipika. Aliyejisikia kwenda kisimani alikwenda. Nyangi alizoea kusema kwamba hapo ndipo mahali pa kwanza ambapo hakuna mtu aliyemuuliza ataolewa lini. Siku nyingi tulilala na njaa na kesho yake tukacheka. Kwa kweli sijawahi tena kuishi na watu niliowapenda hivyo.

Masika yalipoanza, Nyangi akashikwa na kikohozi. Tulisogeza kitanda chake mbali na matone, tukaona tumefanya la maana. Wiki hiyo hiyo tukapata habari kwamba kuna wageni wanakuja Ringwani, na vikundi vya ngoma vitapangwa kuwatumbuiza. Watakaofanya vizuri wangepelekwa mkoani. Mimi nilialikwa kupiga, na Wambura alikuwa anaimba vizuri, kwa hiyo tukaalikwa wote wawili.

Asubuhi ya safari Wambura alitangulia kwa wenzetu wa ngoma. Nilipokuwa nafunga litungu, Nyangi akaniita. Alikuwa ameegemea ukuta, anapumua kwa shida.

"Marwa," aliniambia, "ukipita kwa Mzee Shabani mwambie nina kichomi. Aje anipeleke hospitali. Peke yangu sitafika."

"Nitamwambia," nilijibu. "Ni njiani tu."

Na kweli ilikuwa njiani. Nilifika kwenye kibanda chake nikamwona ameinama, anashona soli, na wateja wawili wamekaa wanasubiri. Tulikuwa tumechelewesha kodi. Nikajua akiniona ataanza na hilo, mbele ya watu, na wenzangu wananingoja. Nikavuka upande wa pili wa barabara. Nikajiambia Wambura atakuwa bado mjini, nitamtuma yeye. Ndivyo nilivyowaza, mwanangu. Haikuchukua muda mrefu kuliko ninavyokusimulia.

Nilimkuta Wambura na kikundi, wanapakia ngoma kwenye lori.

"Nyangi anaendeleaje?" akaniuliza. "Nilitaka nirudi nimwone kwanza."

Wote walikuwa wananitazama. Lori lilikuwa limeshawashwa.

"Nimeshamwambia Mzee Shabani," nikasema. "Anampeleka hospitali."

"Basi vizuri," Wambura akasema, akapanda.

Tulikaa Ringwani siku mbili. Nilipiga vizuri kuliko siku zote, na watu walinishangilia. Kila Wambura alipomtaja Nyangi, nilisema lazima sasa amepata dawa. Nilisema mara nyingi hadi nikakaribia kuamini.

Tuliporudi, mlango ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Jirani ndiye aliyetueleza. Siku ya pili baada ya sisi kuondoka, Mzee Shabani alikwenda kuangalia mabati, akamkuta Nyangi ameanguka kati ya kitanda na mlango. Akampakia kwenye mkokoteni wa kubebea maji, akausukuma mwenyewe kwenye matope hadi hospitali. Walimpokea, lakini alifariki kabla ya jioni.

Mama yake alikuja kutoka Busawe kuchukua vitu vyake. Alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kanga kiunoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia. Alikusanya vibuyu kimoja kimoja, akavifunga kwenye shuka. Kisha akatugeukia.

"Nani alikuwa anampa maji?" akauliza.

Akakaza fundo la ile shuka.

"Nauliza tu. Mlikuwa watatu humu. Nani alikuwa anampa maji?"

Wambura alinitazama. Alishajua, maana Mzee Shabani alikuwa amemwambia kwamba hakuna aliyemletea habari yoyote. Alingoja niseme. Nikatazama chini. Yule mama akainua mzigo wake akaondoka, na Wambura akamfuata kumsindikiza. Hakulala tena katika nyumba ile, wala hajasema na mimi hadi leo.

Mimi nilikwenda kwa Mzee Shabani, nikamweleza yote. Akaweka kiatu chini.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuona ukivuka barabara. Nikadhani unakimbia kodi, nikakuacha uende. Laiti ningekuita." Akafuta macho kwa mkono wenye gundi. "Sikudai chochote, Marwa. Hama tu."

Mwaka ulipita kabla sijapata moyo wa kwenda Busawe. Nilimkuta mama yake Nyangi anasaga ulezi kwenye jiwe. Nikamwambia ni mimi niliyetumwa, na ni mimi niliyedanganya. Hakusimama.

"Nilijua ni mmoja wenu," akasema. "Sasa namjua."

Akaendelea kusaga. Hakunikaribisha kukaa, wala hakunifukuza. Nilisimama pale mpaka nikaona sina cha kufanya, nikaondoka.

Basi, mwanangu, nenda Musoma. Kaa na watu wa mikono na nyimbo, ni watu wazuri, na nyumba ya kodi ndogo si dhambi. Lakini siku ya kwanza, kabla hamjagawana vyumba, semeni: mmoja wetu akiugua, nani atabaki naye? Mtajeni kwa jina. Msiseme 'sote', sisi tulisema hivyo. Mgonjwa akikupa ujumbe, ufikishe wewe mwenyewe saa hiyo hiyo, hata kama mwenye nyumba atakuaibisha mbele ya soko zima. Na kama umeshindwa kuufikisha, kiri umeshindwa. Mimi ningesema kweli pale kwenye lori, Wambura angerudi mbio. Muda ulikuwepo. Hilo ndilo ninaloamka nalo mpaka leo na uzee huu.

Mungu akutangulie katika nyumba hiyo. Akupe wenzako watakaokusikia ukiita, na akupe wewe masikio ya kuwasikia. Mikono yako isikose kazi. Na siku ukiulizwa na mama wa mtu, uwe na jibu la kumpa.