Jungu Tulilovunjia Ng'ambo ya Kilifi

Mwaka mmoja kabla ya safari hii, watoto wangu watatu walikaa barazani kwetu Malindi asubuhi moja, wameoga, wamepakwa mafuta, wamevaa nguo za Idi iliyopita. Walikuwa wakilingoja lori. Lilikuwa lori la kubebea nazi, mali ya ukoo wa baba yao, na kila mwaka kabla ya Ramadhani kuingia ukoo mzima ulipanda humo na masufuria na matari, ukaenda kuvunja jungu karibu na Mombasa. Kwetu pwani kila nyumba huvunja jungu kwa namna yake: hupika vizuri, hupakia, hutoka na watoto wakale nje, kwa kuwa mwezi mzima unaofuata hakuna kula mchana. Lori lilipita mbele ya mlango wetu, wanawake wakiimba, wala halikusimama. Binti yangu mdogo aliwapungia mkono mpaka lilipokata kona.

Mkono ule sijausahau, na sitaki kuusahau.

Mwaka ule ndio nilioachwa. Barua ilitoka Arabuni, alikokuwa akifanya kazi baba yao, imeandikwa vizuri, na salamu mwishoni. Niliielewa kuwa talaka yangu. Sikujua kama watoto nao wamepewa yao. Hakuna aliyeniambia kwamba mwaka huo hawatachukuliwa, nami kwa ujinga wangu niliwavisha. Nilipowavua zile nguo nilijiapia kwamba mwaka unaokuja wangu watatoka, lori lije lisije.

Kwa hiyo Shaabani iliyofuata, mwezi unaoitangulia Ramadhani, nilianza mapema. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, Ramadhani imeangukia mwezi wa nne, shule zimefungwa na masika yamekaribia. Niliwaita watoto wote watatu chumbani, karibu na cherehani yangu, nikawauliza wanataka kwenda wapi. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja, akachukua daftari akaandika majibu kama karani. Wa katikati, mvulana, alitaka kupanda feri ya Kilifi, maana rafiki yake mmoja aliipanda na akawa hasemi kitu kingine. Mdogo alitaka kuziona zile pembe kubwa za Mombasa, mfano wa za ndovu, zilizopinda juu ya barabara. Mkubwa mwenyewe alisema popote, mradi si nyumbani.

Niliwaambia Mombasa mjini hatuingii, sina jamaa wa kunipokea kule wala sitaki kuzungushwa na watoto juani. Tutakwenda karibu yake, upande huu wa mji, ufuoni. Mama yangu, niliyerudi kuishi naye, alikuwa kitandani akisikiliza. Akauliza kwani Malindi bahari imekauka, hata tuendeshwe nusu siku kwenda kuitazama nyingine. Lilikuwa swali la maana, na sikuwa na jibu la maana. Watoto wa ukoo ule walikuwa wakirudi kila mwaka wakiusimulia ufuo wa huko, nami nilitaka wangu wawe na cha kusimulia. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe.

Gari nililipata kwa jirani, mtu mzima aliyekuwa na pikapu ya kusambazia mikate. Tulikubaliana nimshonee yeye na wanawe kanzu za Idi. Tatizo lilikuwa siku. Jumamosi alikuwa na kazi ya mikate, na siku za kabla yake vilevile. Alikuwa huru Jumapili peke yake, na Jumapili ilikuwa siku ya thelathini ya Shaabani. Nilikuwa na kalenda ukutani, ya duka la vitambaa, na kalenda ile ilisema Shaabani ina siku thelathini na Ramadhani inaingia Jumatatu. Nikaizungushia Jumapili kalamu nyekundu.

Wifi yangu, dada mkubwa wa aliyekuwa mume wangu, aliiona ile duara alipokuja kuchukua gauni lake. Talaka haikumzuia kuniletea vitambaa. Alisema hakuna mwingine Malindi anayejua kukata shingo. Alisimama mbele ya kalenda, akauliza kuna nini Jumapili. Binti yangu mdogo akamjibu kabla yangu kwamba twaenda kuvunja jungu Mombasa.

"Jumapili?" akasema. "Na mwezi ukiandama Jumamosi usiku?"

"Kalenda yasema thelathini."

"Kalenda ya dukani hiyo, wifi. Hao wauza vitambaa, mwezi hawauzi."

Alicheka, akakunja gauni lake. Akasema wao watatoka Jumamosi, walale kule kwa jamaa, warudi Jumapili, mtu asije akajitia katika mashaka. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba kama mwezi utanikata njiani nisihuzunike, watoto watasahau. Ule upole ndio ulionichoma. Angenitukana ningemjibu. Nilimtoa mpaka mlangoni, nikarudi, nikaipitia ile duara kalamu mara ya pili.

Jumamosi nilipika tangu asubuhi. Nilipika kwa hasira, nikapita kipimo. Sambusa zilijaa ungo. Mkate wa sinia nilioka miwili, mmoja ukaungua kidogo chini, nikaoka wa tatu. Kuku wanne waliiva wakawekwa, viazi vikachemshwa tayari kwa kukaangwa, tende nikazitoa mbegu. Mama alisema ninalisha kikosi cha askari. Karibu na adhuhuri tulisikia matari. Lori lilipita tena mbele ya nyumba, na safari hii hakuna mtoto wangu aliyetoka barazani. Walikuwa jikoni wakikunja sambusa.

Jioni nilitoka uani kuzitazama mbingu. Kulikuwa na mawingu mazito ya masika kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Watu walipanda mapaani, wakasimama ufuoni, wakatazama magharibi, wakarudi. Hakuna aliyeona kitu. Nafurahi kukiri kwamba nilifurahi. Niliwaambia watoto wakalale mapema, mama yao na kalenda yake wamepatia.

Nimemaliza tu kuswali Isha nikasikia makelele mtaani. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mwezi umeonekana Lamu. Mama aliitegea redio yake sikio mpaka tangazo likarudiwa, kisha akaizima.

"Umeandama," akasema. "Twafunga kesho."

Mkubwa hakulia. Alikwenda akalichukua lile daftari, akakata mstari kwenye ukurasa wa safari, taratibu, kwa rula. Mvulana ndiye aliyelia, na mdogo akalia kwa kumwona mwenzake. Nilikaa juu ya kigoda jikoni nikiutazama ule ungo wa sambusa. Wifi yangu alikuwa amesema kweli, na hilo liliniuma kuliko chakula. Hatukuwa na friji. Mama akashauri tule daku vizuri, kinachobaki tugawie majirani, iwe thawabu. Ni ushauri ambao mtu yeyote mwenye akili zake angeufuata.

Nikamwambia safari iko palepale.

Aliniuliza safari gani ya kuvunja jungu katika Ramadhani. Nikamwambia hatutavunja, tutafuturu. Tutatoka baada ya adhuhuri, twende mpaka Kilifi tu, tuvuke feri, tufuturu ng'ambo, turudi. Mama akasema siku ya kwanza mtu hufuturu kwake, na watu watasema, mwanamke aliyeachwa anazurura na watoto mwezi mtukufu, hata haya hana.

"Mama," nikamwambia, "walisema nilipokaa. Leo waniseme nimetoka."

Kisha akaniagiza nifunike kuku kwa majani ya mgomba, wasije wakachacha, na nivichemshe tena vyote alfajiri.

Jumapili mvua ilinyesha asubuhi, ikakata. Wakubwa wawili walifunga. Mdogo alifunga mpaka saa nne, akala, akafunga tena. Majirani walitusimamia milangoni tulipokuwa tukipakia masinia katika pikapu mchana wa mfungo, na mmoja akaniuliza ni maiti ya wapi tunayokwenda. Nikamwambia hakuna maiti, tuna hai watano. Mama alikuwa amekwisha kupanda mbele na redio yake mapajani.

Kilifi tulifika karibu na saa kumi na moja. Dereva akasema gari halivuki, foleni itamla; yeye ataswali upande huu na atatungoja. Nilimwachia sambusa zake na tende. Sisi tukateremka kwa miguu, masinia vichwani, tukaingia feri pamoja na baiskeli na magunia. Mvulana wangu alishika chuma cha ubavuni kwa mikono miwili. Tulipofika ng'ambo akageuka akaniuliza kama tunaweza kurudi tuje tena. Nikamwambia kurudi tutarudi, kwa kuwa nyumba iko kule.

Tulitandika mkeka kwenye majani, hatua chache kutoka barabarani. Magari ya kutoka Mombasa yalikuwa yamejipanga mpaka juu ya kilima, ndiyo siku watu wote wanarudi, na feri ilikuwa ikichukua machache machache. Mkubwa ndiye aliyeliona kwanza.

"Mama. Lile lori."

Lilikuwa lao kweli. Lilikuwa la kumi au la kumi na mbili katika foleni, na watu wamekwisha kuteremka, wamekaa ukingoni mwa barabara. Matari yalikuwa yamelazwa kifudifudi. Nilimwona wifi yangu ameegemea gurudumu, mtandio ameufunga kichwani kwa kiu. Walikuwa wamekula Jumamosi wakamaliza, kama alivyopanga. Walitegemea kufuturu kwao Malindi, na sasa jua lilikuwa linashuka na mbele yao kulikuwa na foleni, maji, na safari nzima iliyobaki. Wauza korosho walikuwa wakipita, lakini nani atafungua saumu kwa korosho na chumvi yake?

Nitasema kweli. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kuwageuzia mgongo. Nilikuwa na haki hiyo, na kwa muda niliishika. Nilipanga vikombe vitano. Kisha nikamwona binti yangu mdogo ameinua mkono, anawapungia, vilevile kama mwaka uliopita.

Nilimwambia mkubwa achukue sinia la tende akawaite. Alinitazama kana kwamba hanijui. Akasema wao hawakutuita.

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Wajue namna ya kuita watu."

Alikwenda. Wakaja, kwanza watoto, kisha wanawake, kisha wanaume waliokuwa wakijifanya wanatazama maji. Walikuwa kumi na tano. Nilishukuru hasira yangu ya Jumamosi. Wanangu walizungusha tende kwa adabu, shikamoo kwa kila mmoja, na wifi yangu akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikaa kwenye pembe ya mkeka wangu. Mama aliwasha redio.

Adhana ilisikika redioni, na muda mfupi baadaye ikatufikia nyingine kutoka ng'ambo, upande wa mjini. Tulifungua saumu. Vikasikika vikombe na watu wanaotafuna. Wifi yangu alikula tende tatu, akanywa maji, akala kipande cha mkate wa sinia. Ulikuwa ule ulioungua chini, na nakiri kwamba sikumpa kwa bahati mbaya.

Binti yangu mdogo alikuwa amekaa mbele yake, sambusa mkononi, akimtazama anavyokula.

"Shangazi," akamuuliza, "mwakani mtatuchukua na sisi?"

Watu wazima wote walisikia. Wifi yangu alikuwa na mkate mdomoni. Nilikuwa nimelingoja swali hilo mwaka mzima pasipo kujua litatoka kwa nani.

"La, mwanangu," nikasema. "Mwakani sisi ndio tutakaowachukua."

Wifi yangu alimeza. Akanyoosha kikombe chake, akaniomba chai, nami nikammiminia mpaka juu.

Mwaka uliofuata nilimwambia jirani wa pikapu mapema aniwekee siku, na safari hiyo nilichagua siku ya ishirini na nane, kalenda ile nikiwa nimeitupa. Kisha nikamtuma binti yangu mdogo kwa shangazi yake, avae vizuri, abishe hodi, aulize kwa niaba yangu watakuja wangapi.

Alirudi akikimbia. Akasema shangazi ameuliza aje na nini.