Mabano na Ripoti Iliyorudi

Kiwanda kizima cha mikate kilimwita Mabano, na mwenyewe aliitika. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Alikuwa mhasibu, mtu mpole wa kupita kando ya ukuta, na baada ya watu wa nyumbani kwake hakuna alichokipenda kama ripoti ya hesabu za mwaka. Kila gharama aliizungushia mabano, kama alivyofundishwa ujanani: kilichoingia kiache wazi, kilichotoka kifungie. Mkewe alisema hata barua ya kwanza ya mapenzi iliandikwa hivyo hivyo, neno "nakupenda" likiwa katikati ya mabano.

"Nikamuuliza, wewe bwana, hapa unanipenda au unanitoa?"

Mwaka huo mambo yaligeuka. Mamlaka inayosimamia makampuni ilitangaza kwamba ripoti ya kusomwa kwa macho peke yake haitoshi tena. Kila namba ifungwe lebo kwenye kompyuta, na lebo ziwe zile zile kwa makampuni yote. Zamani huyu aliandika "unga", yule "malighafi", mwingine "vitu vya kupikia". Binadamu akisoma ataelewa, lakini kompyuta inabaki imeduwaa. Namba ikishavaa lebo, kompyuta yoyote inajua hii ni mishahara, ya mwaka fulani, kwa sarafu fulani, bila kumuuliza mtu.

Kazi ile Mabano aliipenda kuliko alivyotarajia. Alikaa na orodha ya lebo akitafuta ya kila namba, kama mama anayemtafutia mwanawe kiatu cha kumtosha, kisichobana wala kupwaya.

Lakini ripoti ilirudi. Kompyuta ya mamlaka iliandika kwamba jumla hailingani na sehemu zake. Mabano akajumlisha upya kwenye karatasi, jumla ikatoka ile ile. Akatuma tena, ikarudi tena.

Meneja wao alikuwa mama wa vicheko, lakini asubuhi ile hakucheka.

"Baba, mimi sikulaumu," alimwambia. "Ila leo ndiyo mwisho wa kupokea. Jioni ikifika bado inarudi, nawapa kazi wale wataalamu wa nje. Na nikiwapa ndiyo nimewapa, mwaka huu na mingine yote. Siwezi kila mwaka nikimbizane na mamlaka."

Mabano akahisi kama ameambiwa amtoe mwanawe akalelewe kwa watu.

"Kwani hao wa mamlaka umewapigia simu? Namba yao ya msaada si hiyo hapo chini?"

"Nitapiga, mama."

Mabano ampigie simu mtu asiyemjua! Heri angeambiwa aingie kwenye tanuri akapange mikate.

Mchana alikwenda kula nyumbani, maana hapakuwa mbali. Mkewe, msusi, alikuwa barazani na mteja amekaa mbele yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Uso huo wa msiba. Nani kafa?"

"Ripoti."

"Imekufa au inaumwa?"

"Imerudi tena. Nikishindwa leo wanaipeleka kwa watu wengine, moja kwa moja. Inabidi nipige simu."

Mkono wa mkewe ukasimama. Alimjua mtu wake. Huyu hata mhudumu wa mgahawani hamwiti, hukohoa tu mpaka aonekane. Akachukua kitana, akakiweka sikioni.

"Haya, mamlaka hapa. Sema shida yako."

"Samahani sana kwa kukusumbua..."

"Umekatwa! Ukianza na samahani utadhaniwa umeiba. Anza upya."

"Shikamoo..."

"Je, akiwa mtoto wa juzi? Sema habari za kazi, kisha utaje kilichokupeleka."

"Shemeji, piga, nakuomba," mteja akadakia. "Huyu hanisuki mpaka umalize. Nikitoka na kichwa hiki watoto watanikimbia."

Basi kwa huruma ya kichwa cha watu, Mabano akageukia ukuta, akapiga. Ilipokea sauti ya mwanamke, nyepesi na yenye bashasha. Akasema habari za kazi. Akaeleza.

"Hebu nisomee gharama ya unga, vile vile ulivyoiingiza kwenye lebo."

Akasoma. "Iko ndani ya mabano," akaongeza, maana alipenda kueleza mambo kama yalivyo.

Kule kikalipuka kicheko. "Kaka yangu, nyie wahasibu wa siku nyingi wote mnanijia na hilo! Lebo yenyewe imeshasema hii ni gharama. Kompyuta ikiiona tu, inaitoa. Wewe ukiweka na mabano juu yake, unaiambia itoe kutoa. Sasa kompyuta ifanyeje? Inarudisha ndani. Unga wako umegeuka mapato."

Mabano akaona magunia ya unga uliokwisha kuliwa yakirudi stoo yenyewe, moja nyuma ya jingine, na mlinzi akiyafungulia lango. Akacheka kwa sauti. Mkewe na mteja wakatazamana.

"Kwa hiyo niyaondoe yote?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia kunyolewa ndevu.

"Kwenye gharama, ndani ya lebo tu. Pale panaposomwa na watu yaache, watu wameyazoea."

Alirudi kazini karibu mbio, chakula hakukigusa. Akayaondoa moja moja, unga, mafuta ya tanuri, uchakavu wa mashine, na kila alipofuta aliona kama anaacha mlango wazi kwenye mtaa wenye vibaka. Akatuma. Akakaa, mikono mapajani.

Meneja aliingia simu ikiwa sikioni. Wataalamu wa nje walikuwa hewani wakiuliza kama waanze. Mabano alitaka kujibu kwa kichwa tu, kama kawaida yake.

"Imepokelewa!" alisema, na sauti ikatoka kubwa kiasi kwamba wapakiaji mikate ng'ambo ya ukuta walinyamaza.

Meneja akainama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma, akasoma tena. Kisha kile kicheko chake kikarudi.

"Hapana, asanteni," akaiambia simu. "Mwenyewe yupo."