Ndege ya Kwetu Singida

Juzi nilifuata kuku wa kuuza kwenye shamba moja nje ya Johannesburg, nikakuta pampu ya maji inayoendeshwa na upepo, juu ya mnara wa chuma, mkia wake umepinda. Nilisimama nikiishangaa, kuku mkononi.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu Singida ilikuwepo kama hiyo, ikivuta maji ya kisima. Mimi nilipoona pangaboi na mkia, nilijua ni ndege ambayo bado haijajifunza kuruka.

Alasiri moja upepo ulivuma, vumbi likanuka mvua, na pangaboi likalia kama kitanda kibovu. Nikaona leo inaondoka. Nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikakaa chini ya mnara.

"Unakwenda wapi na mzigo?" bibi aliniuliza, ndoo kichwani.

"Johannesburg, kwa mjomba."

Bibi hakucheka. Alikwenda nyumbani, akarudi na karanga za kukaanga. "Mpelekee. Mwambie ameadimika."

Nilisubiri mpaka karanga za mjomba zikaisha. Maji yalipomwagika kwenye birika la mifugo, nilidhani ndege inajazwa mafuta.

Baadaye malaria ilinilaza hospitali ya wilaya. Niliporudi, ndege yangu haikuwepo. Wakubwa walisema imeuzwa kama chuma chakavu. Sikuwaamini. Nilinuna siku nzima kwamba imeondoka bila mimi.

Mwenyewe nilikuja huku ukubwani, kwa basi, miguu ikavimba kama mihogo.

"Dada, twende! Kuku watakufa na jua," dereva aliyenileta shambani aliita.

"Eish, subiri kidogo," nikamjibu, mkono wangu kwenye chuma cha moto. "Nasalimiana na mtu wa kwetu."