Wifi Yangu na Kamba ya Bendera

"Hivi, dada, huyo wifi yako siku ya Uhuru kazi yake ni ipi hasa? Kukunja kitambaa tu?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu muuza mkaa, tunaanika nguo, yeye upande wake wa ua na mimi upande wangu. Hakuwa na nia mbaya. Ni mtu wa kusema linalomjia mdomoni. Nikamjibu, "Ndiyo, kukunja tu," kisha jibu hilo likanikera siku nzima, maana nilijua nimemdhulumu mtu. Kwa hiyo acha nieleze hapa vizuri.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, na anakaa nasi, chumba cha uani. Ni mhudumu katika ofisi ya serikali iliyo mwisho wa mtaa wetu. Anafagia, anapiga deki, anachemsha chai, anapeleka mafaili kutoka meza hii hadi meza ile. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na saba. Pale ofisini hawamwiti jina lake, wanamwita Bi Mkunjo, na jina hilo limetokana na bendera.

Hapa kwetu sherehe ya Uhuru ina mambo yake ambayo kila mtu anayajua. Wiki nzima kabla, mawe ya kandokando ya barabara yanapakwa chokaa. Watoto wa shule wanafanya mazoezi ya kuandamana mpaka soli zinaachia viatu. Watu wa sokoni wanavuta kamba na watu wa ofisini, na kila mwaka watu wa ofisini wanaburutwa kama magunia. Lakini watu hasa wanangoja bendera. Haipandishwi ikiwa wazi. Inapanda ikiwa imekunjwa, kifurushi kidogo kama mkate, na ndani yake kuna vipande vya karatasi za rangi vilivyokatwa na watoto wa darasa la kwanza. Kifurushi kikifika juu kabisa, mwenye kamba anaivuta mara moja kwa ghafla, bendera inafunguka, na zile karatasi zinamwagika juu ya vichwa vya watu. Wamama wanapiga vigelegele. Hata mimi, ambaye sipendi makelele, napiga.

Kukunja huko si mchezo. Unaikunja kwa urefu, unaikunja tena, unaweka karatasi, unaiviringisha, kisha mkia wa kamba unauzungusha mara tatu na kuuchomeka ndani kwa kitanzi kilicholegea. Kitanzi kikikazwa sana, bendera haifunguki. Kikilegezwa sana, inafunguka njiani. Wifi alifundishwa na mlinzi wa zamani wa ofisi ile, mzee ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Yule mzee ndiye aliyekuwa akivuta kamba, na baada yake walinzi wengine, maana kamba ni ya mtu mwenye sare. Mhudumu anakunja, anakabidhi, anarudi nyuma kwenye birika.

Sasa mzee yule alimwambia wifi neno moja ambalo limekaa naye miaka yote. Alimwambia, "Kitanzi kikikubali, binti yangu, unakisikia kiganjani. Kamba inakushtua kidogo, halafu inakuwa nyepesi."

Wifi hajawahi kuisikia. Amefunga bendera ishirini na sita, na kila moja imemfungukia mtu mwingine mkononi.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake kabla ya kustaafu. Miezi miwili kabla ya sherehe aliniambia, tunachambua mchele, "Wifi, nataka mwaka huu nivute mimi."

"Si uwaambie?"

"Nitawaandikia. Ofisi ile ukisema kwa mdomo, wanakusikiliza kwa mdomo."

Akaandika. Barua akaipeleka mapokezi. Mapokezi wakasema ipite kwa mkuu wake wa kazi. Mkuu wake akasema hili ni suala la kamati ya sherehe. Katibu wa kamati ni kijana mmoja mtanashati, hatembei bila karatasi ya ratiba mkononi, ndiyo maana watu wanamwita Bwana Ratiba. Bwana Ratiba akasema barua haina kumbukumbu namba. Wifi akaiandika upya. Akasema sasa haina muhuri. Ikapigwa muhuri. Akasema, "Tunaifanyia kazi, mama," na ikafanyiwa hiyo kazi wiki tatu bila kutoka pale ilipokuwa.

Siku ya kikao cha kamati, nani aliyewapelekea chai? Ni yeye. Alinisimulia jioni, anacheka lakini macho yake hayacheki.

"Nimeingia na sinia, wifi, naiona barua yangu mezani. Nikasema, haya, leo ndiyo leo. Mwenyekiti akachukua kikombe, akakiweka juu yake."

"Juu ya barua?"

"Juu ya jina langu kabisa. Kikaacha duara. Na mimi ndiye niliyekijaza mpaka kikamwagika, kwa hiyo nimlaumu nani?"

Mwishowe, siku nne kabla ya Uhuru, wakakubali. Alikuja mbio nyumbani na nakala ya ratiba, akaniwekea kidole kwenye mstari wa saba: Kupandisha bendera, mhudumu wa ofisi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mume wangu akatoa pasi na kumnyooshea dada yake gauni la bluu la kazini, na huyo ni mwanaume ambaye suruali yake mwenyewe haipigi pasi.

Asubuhi ya sherehe tulifika uwanjani saa moja. Wifi aliikunja bendera juu ya meza ya mbao, mimi nimemshikia kikapu cha karatasi. Akachomeka kitanzi, akakijaribu kwa kidole, akaitikia kwa kichwa kwamba kiko sawasawa. Ndipo Bwana Ratiba akaja na karatasi mpya.

"Mama, kuna mabadiliko kidogo. Mgeni rasmi amethibitisha kuja. Yeye ndiye atakayepandisha."

Wifi akasema, "Nilikuwa kwenye mstari wa saba."

"Uko. Mstari wa saba sasa umekuwa wa tisa, kupanga viti vya wageni. Tuseme umesogezwa, mama, hujaondolewa."

Nilitaka kusema jambo. Wifi akaniminya mkono. Akaenda kwenye viti. Mungu anisamehe, nilitamani kumkamata kijana yule tai yake nimzungushe nayo uwanja mzima.

Lakini Bwana Ratiba hakuishia hapo. Gari la mgeni lilipoonekana, nilimwona kwa macho yangu akikinyanyua kile kifurushi, akakigeuza, akakiona kitanzi. "Ah, hii mbona imelegea?" akasema. "Itatuaibisha hii." Nikamwambia, "Baba, iache, ndivyo inavyofungwa." Akaniangalia kama mtu anayemwangalia shangazi aliyepotea njia. "Usijali, mama, tumehakikisha." Akakivuta, akakikaza kikawa fundo, akaongeza fundo la pili juu ya la kwanza, fundo la kufungia mbuzi. Nikamfuata wifi kwenye viti, lakini palikuwa na watu wengi na bendi imeanza kupiga, na nilipomfikia mgeni alikuwa ameshashika kamba.

Mgeni huyo alikuwa amesubiriwa kwa muda wa saa mbili juani, mpaka watoto wawili wa shule walianguka kwa kizunguzungu wakapelekwa kivulini. Mwenyewe alikuwa mtu mpole tu, mnene, anatokwa na jasho. Akavuta. Kifurushi kikapanda, kikafika juu. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Akavuta kwa ghafla kama alivyoelekezwa. Hakuna. Akavuta tena. Wimbo ukaisha. Watu wote tumesimama, mikono imenyooka ubavuni, tunauheshimu mkate.

Kutoka upande wa sokoni sauti ya mwanaume ikasema, "Jamani, mwaka huu tumeletewa mzigo!"

Mwingine akamjibu, "Usiuguse, mpaka ulipiwe ushuru!"

Watoto wakacheka. Walimu wakawakemea huku nao wanacheka. Mgeni akavuta mara ya tatu, na sasa nguzo yenyewe ikaanza kutikisika. Hapo Bwana Ratiba, ambaye asubuhi hakumhitaji mtu, akapaza sauti mpaka ikakatika: "Bi Mkunjo! Bi Mkunjo yuko wapi?"

Wifi alikuja bila kukimbia. Alipita mbele ya watu wale wote na gauni lake la bluu. Akaishusha bendera, kitu ambacho hakijawahi kufanyika mbele ya umati, na watu wakaguna. Akaliona fundo. Akalifungua kwa meno, pale pale mbele ya meza kuu, akapiga goti moja, akaikunja upya juu ya paja lake, akachomeka kitanzi. Uwanja ulikuwa kimya hata ukasikia karatasi zikikwaruzana. Kisha, kwa kuwa mgeni alikuwa anajifuta jasho na amechoka, wifi akashika kamba mwenyewe akaanza kuipandisha.

Mimi nikaanza kuomba. Sikuomba kwa maneno ya kupanga. Nilisema tu, ee Mungu, mwache. Mwache huyu leo.

Ikapanda taratibu, mkono baada ya mkono. Ikafika juu kabisa. Ikagusa. Kilichobaki ni kuvuta mara moja tu, kuvuta kwa upana wa kiganja.

Bwana Ratiba akaweka mkono wake juu ya mkono wa wifi. "Asante sana, mama. Mwachie mgeni amalizie."

Akamwachia.

Mgeni akavuta. Bendera ikafunguka vizuri kuliko miaka yote niliyowahi kuiona, ikajitandaza yote kwa mara moja, karatasi zikamwagika mpaka kwenye vipaza sauti. Vigelegele. Mgeni akapunga mkono, akapigwa picha. Wifi alikuwa amesimama pembeni ya nguzo na mikono yake bado imejikunja, kama bado imeshika kitu. Karatasi moja nyekundu ilikuwa imemkalia begani. Mimi peke yangu, nafikiri, ndiye ambaye sikupiga kigelegele mwaka huu.

Njiani kurudi jirani muuza mkaa alitukuta, akampongeza. "Bi Mkunjo, leo umetuokoa!" Wifi akasema, "Asante, jirani." Alipoingia chumbani kwake alifunga mlango, na chakula cha mchana hakula.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Jumatatu alirudi kutoka kazini na bahasha. Ndani kulikuwa na barua fupi, yenye kumbukumbu namba na muhuri, kila kitu kimekamilika. Inamtaka atoe maelezo kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini bendera haikufunguka mara ya kwanza, kwa kuwa kuikunja ni jukumu lake. Aliyeweka sahihi ni Bwana Ratiba.

"Alikwambia nini alipokupa?" nikamuuliza.

"Amesema nisijisikie vibaya, ni utaratibu tu. Faili haliwezi kubaki bila maelezo."

Nilikasirika, na mimi si mtu wa hasira. Nikamwambia, "Andika. Andika kwamba alikikaza kitanzi yeye, na mimi ni shahidi, nilimwona na nilimwambia. Andika mafundo mawili. Andika fundo la mbuzi!"

Mume wangu akasema kutoka kwenye kiti chake, "Na uandike la kikombe pia."

Wifi akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. "Nikiandika hayo, kesho naye ataandikiwa barua ya maelezo. Halafu keshokutwa nimpelekee chai, yeye amenuna, mimi nimenuna, birika nalo limepoa. Hapana, wifi. Siku zenyewe zimebaki chache."

"Kwa hiyo utasema kosa ni lako?"

"Sitasema kosa ni la mtu. Wamesema nieleze, nitaeleza. Hawakusema nisiombe."

Akachukua daftari, akachana karatasi ya katikati ili itoke safi, akakaa mezani kwetu akaandika kwa yale maandishi yake makubwa ya duara ya shule ya msingi, ambayo ndiyo maandishi yangu pia. Nilimsubiri. Alipomaliza alinipa nisome kama kuna neno limekosewa. Hapakuwa na neno lililokosewa, na jina la Bwana Ratiba halikuwamo. Mwanzo alikuwa ameeleza jinsi kitanzi kinavyofungwa, mizunguko mitatu, na kwamba hakitakiwi kukazwa na mtu yeyote. Mwisho ulikuwa hivi:

"Nimebakiza siku kumi na tisa za kazi. Bendera ya ofisi inapandishwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo mimi huwa nimeshafika, nafagia. Naomba asubuhi moja tu, hata kama hakuna mtu, niikunje, niipandishe, na niivute mwenyewe."