Kiganja cha Fundi

Fundi huyu wa televisheni huvua viatu mlangoni hata ukimwambia aingie navyo. Kabla ya kusema lolote huweka kiganja juu ya spika ndefu iliyo chini ya televisheni, kama anayepima homa ya mtoto. Siku hiyo wageni walikuwa njiani kutoka Kuresoi kuja kumposa binti yangu Chepkirui, na nilikuwa nimewaahidi kwamba watamsikia marehemu mume wangu akimbariki, kama alivyorekodiwa kabla ya kuaga. Picha ilitokea, midomo yake ikacheza bila neno. Fundi alichomoa waya, akaupangusa kwa shati, akaurudisha.

"Mama, hii mashine ya kuchezea video inatuma sauti ya kuzunguka chumba ikiwa imefungwa kama kifurushi, na spika haijui kukifungua. Wacha mashine ifungue yenyewe."

Alikuwa bado anatafuta pa kubadilisha mpangilio huo wageni walipoingia. Mamake kijana anayeposa aliangalia nyaya sakafuni.

"Kwani imeharibika?"

Niliinama kuzisogeza nyaya.

"Hapana, mama," fundi alisema bila kugeuka. "Ni mimi nimeomba kumsikia mzee kwanza."

Akabonyeza, na mzee akaongea.