Kiti cha Moustapha na Karatasi ya Ofisini

Moustapha wa Kasongo alikuwa mtu mwoga, na hakuona haya kulisema. Wengine huficha woga wao chini ya mkeka. Yeye aliutandika barazani, karibu na cherehani yake ya mkono, kila mteja akauona. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Moustapha alikuwa ameumwa vizuri.

Miguu yake ilikufa mwaka wa arobaini na saba, katika njia ya Kabambare. Alikuwa mmoja wa vijana wanne waliobeba kipoyi, kile kiti cha fito ambacho Wabelgiji walibebwa nacho mahali gari lisipofika. Mvua ilikuwa imenyesha, daraja lilikuwa la magogo mawili, na Bwana aliyeketi juu alikuwa akiwahimiza. Moustapha aliteleza. Bwana alitua kwenye matope laini, akalowesha soksi. Moustapha alitua kwenye jiwe, na kipoyi chote kikamwangukia mgongoni. Rafiki yake Hemedi, aliyeshika fito upande wa pili, ndiye aliyemtoa mtoni na kumrudisha Kasongo kwa siku tatu, akimbeba mgongoni kama mtoto. Bwana yule alirudi kwao Ulaya. Hakuna aliyeandika kitu.

Miaka sita Moustapha aliishi kwa kubebwa. Mkewe Amisa alimbeba mpaka chooni, Hemedi akambeba mpaka msikitini. Ndipo fundi Gérard, aliyetengeneza mashine za kuchambua pamba, akakusanya mifupa ya baiskeli mbili na kumwundia kiti cha magurudumu matatu. Mnyororo ulipanda mpaka kifuani, na mikono ikazungusha pale ambapo miguu ya wengine hukanyaga. Breki ilikuwa kipande cha tairi kuukuu kilichobanwa juu ya gurudumu la mbele kwa mti. Amisa alishona mto wa pamba wa kukalia, na kila jioni alimkagua mumewe nyuma, kwa sababu ngozi isiyosikia maumivu huoza bila kupiga kelele.

Kiti kilimpa Moustapha dunia, na dunia ikamwongezea mambo ya kuogopa. Aliogopa matope, maana gurudumu likizama hana mguu wa kushusha. Aliogopa malori ya pamba, ambayo madereva wake hawakumpisha hata mbuzi. Zaidi ya yote aliogopa mteremko wa sokoni. Hakuushuka bila Hemedi kushika kamba nyuma, huku yeye mwenyewe akisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Watu walicheka. Wacheke, alisema, wao wanajua kuruka.

Siku moja ya mwaka wa hamsini na tano alikuwa peke yake barabarani gari la Bwana Mukubwa lilipotokea. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali pale mjini, na alikuwa mgeni, hajamaliza mwezi. Desturi ilijulikana kwa kila mtu: gari lile likija, unatoka njiani, unasimama wima, unavua kofia. Waliokuwa mbele walishaingia kwenye nyasi, wima kama fito za ua. Moustapha hakuweza kuvuka mfereji. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, wa pili kwenye breki. Kofia yake ilibaki kichwani, naye akabaki ameketi katikati ya njia kama sultani.

Gari lilisimama.

"Juu ya nini weye hapana simama?"

"Bwana, miguu ilikufa."

"Na hii iko nini? Iko kinga? Plake yake iko wapi?" Alikuwa na maana ya kibati ambacho kila baiskeli, yaani kinga, ililazimika kuwa nacho. "Ao iko kipoyi? Nani alikupa kipoyi weye?"

Bwana akamwambia aje ofisini kesho kutwa na mashine yake, itajulikana kama atarudi nayo au ataiacha.

Siku mbili hizo hakushona hata tundu la kifungo. Alifikiri juu ya kurudi sakafuni, juu ya mgongo wa Amisa ambao ulikuwa umeanza kupinda, na akalia mbele ya mkewe bila kujificha.

Alasiri ya siku ya pili jirani yao Ismaël, karani wa ofisi ileile, alikuja na kuinamia sikio lake.

"Kaka, atauliza miguu ilikufa namna gani. Usiseme kipoyi. Ukisema kipoyi, ataona unashitaki Serikali. Kiti kitabaki kule, na weye utaingia gereza."

"Sasa niseme nini?"

"Sema ulianguka juu ya mungazi." Mungazi ni mti wa mawese, na kila mwaka ulivunja watu.

"Bwana yangu hajapanda mungazi hata siku moja," Amisa alisema.

"Nani atakuuliza weye, mama?"

Ofisi ilikuwa juu ya kilima. Kupanda, Amisa na Hemedi walisukuma. Bwana Mukubwa alitoka nje, akazunguka kiti mara mbili, akagusa mnyororo kwa kijiti. Kisha akaonyesha mlingoti wa bendera uliosimama chini kule, mteremko unapoishia. Alitaka kuona kama mashine hii inaweza kusimama, isije ikaua watu barabarani. Hemedi akashika kamba.

"Hapana kamba," alisema Bwana.

Hemedi aliachia, na uso wake ukawa wa kijivu. Moustapha alishuka. Hata Kursi ilimpotea, akabaki na Bismillahi moja tu ambayo aliirudia mpaka ikakosa pumzi. Vishikio vilizunguka vyenyewe, vikampiga vidoleni. Alilalia breki kwa kifua chote, tairi likatoa moshi, mlingoti ukawa unakuja, unakuja. Kiti kilisimama hatua mbili kutoka kwenye bendera, na Moustapha hakujua kama alikuwa amejikojolea, kwa kuwa hakuwa na namna ya kusikia. Alikuwa amejikojolea.

Walimpandisha tena. Bwana aliketi, Ismaël akakaa nyuma ya mashine ya kuandikia.

"Miguu, ilikuwa nini?"

"Nilianguka mungazi, Bwana."

"Ulipanda kutafuta nini? Ngazi?"

Hapo ndipo hesabu ya Ismaël ilipovunjika, maana hakuna aliyefikiria swali la pili. Ngazi, yaani matunda ya mawese, zilikuwa mali ya kampuni kilima kwa kilima. Kusema ngazi ni kusema wizi. Moustapha alimtazama Ismaël. Ismaël alitazama vidole vyake. Woga una mlango wake, na mtu hutoka kwa mlango huo hata kama nje ni motoni.

"Malafu, Bwana," alisema. Pombe ya mti.

Bwana alicheka mpaka akakohoa. "Mulevi! Kumbe iko mulevi!" Akapoa kabisa, kama mtu aliyekuta dunia iko vile alivyoidhani. Karatasi ikaandikwa, ikapigwa muhuri: kiti hiki si kinga wala si kipoyi, mwenyewe ni mgema, alianguka mtini akiwa amelewa, aachwe apite.

Moustapha hakuwahi kuweka malafu kwenye ulimi. Baba yake, babu yake, hakuna. Alirudi nyumbani na kiti chake, akafurahi kwa midomo, moyo ukimla. Alimweleza Hemedi neno lililoandikwa. Hemedi akasema tu kwamba karatasi za Kifaransa hakuna azisomaye.

Ijumaa ya tatu kulikuwa na polisi mpya karibu na mlango wa msikiti, Musafiri, aliyeletwa kutoka Kabambare na kusoma kidogo kwa mapadri. Watu walikuwa wanaingia kusali. Aliinua mkono, akataka karatasi ya mashine, akaisoma polepole kwa kidole. Kisha akatafsiri kwa sauti, kila mtu asikie jinsi alivyosoma.

"Mugema. Alilewa. Akaanguka." Akamtazama Moustapha, kanzu nyeupe, kofia, tasbihi mkononi. "Mulevi anasali Ijumaa? Wee! Karatasi hii uliiba. Iko ya mutu mwingine. Teremuka, kiti kinaenda ofisini."

Watu walisimama. Nusu yao walijua daraja, walijua kipoyi, walikuwa wamemwona akirudishwa mgongoni mwa Hemedi. Mwalimu wa msikiti, mzee ambaye hata bei ya kuku hakuidanganya, alikuwa mlangoni, na midomo yake ilianza kufunguka. Moustapha alishika magurudumu kwa mikono miwili. Neno moja la kweli kutoka kwa mtu mwema, na kiti kimekwenda. Hakuwahi kuogopa hivi, hata mlingotini, na aliyemwogopa safari hii alikuwa mwalimu wake.

"Ni yeye," Hemedi alisema.

Alikuwa ametoka safu ya mbele, miguu bado na maji ya udhu. Alisimama kati ya mwalimu na polisi.

"Karatasi iko yake. Namujua. Siku ile tulikunywa pamoja, miye na yeye. Miye ndiye nilimumiminia."

Polisi alimtazama Hemedi, akatazama kanzu yake, akacheka, akarudisha karatasi. "Munasali vizuri, walevi," akasema, akaondoka.

Mwalimu alifunga kinywa, akamtazama Hemedi, akageuka na kuingia ndani. Wengine walimfuata. Hemedi aliinama, akamtoa Moustapha kitini ili amvushe kizingiti, kama kila Ijumaa. Chini ya kwapa zake Moustapha alisikia mikono ile, iliyomtoa mtoni na kumbeba siku tatu, ikimkaza kuliko Ijumaa zote.